Wasifu wa Mzee Festus

Jumanne, siku tano baada ya babake kufa, Rita alikwenda kufundisha. Mwalimu mkuu, Bwana Musyimi, alimwambia mara mbili arudi nyumbani akaomboleze na wenzake, naye akajibu kwamba ana somo la saa tatu. Majirani zake wa mtaa wa Kaloleni, mjini Voi, wakasema mwalimu ana moyo wa jiwe. Walikosea. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, anakwenda kwa mazoea tu kama punda wa maji.

Somo lilikuwa vielezi vya Kiingereza. Aliandika sita ubaoni, akataka kila mwanafunzi atunge sentensi. Sufian, ambaye yeye na Kiingereza ni paka na panya, alisoma kwa sauti kwamba mwizi wa mbuzi alipigwa mawe “peacefully”. Darasa likaangua kicheko. Rita hakucheka wala hakukaripia.

“Sufian, neno hilo linaeleza namna jambo lilivyotendeka. Huyo mwizi alipigwa kwa amani? Ndivyo ulivyoona?”

“Hapana, madam. Kulikuwa na nduru.”

“Basi andika ulichoona.”

Sumayya, aliyekaa dawati la mbele, akasoma kwamba mtoto alilala “peacefully” kifuani mwa mamake. Rita akamwekea alama ya vema, kengele ikalia.

Wakati wa mapumziko Lewis, kaka yake, alipiga simu kutoka Nairobi. Programu za mazishi zilitakiwa kwa mpigachapa siku hiyo hiyo, na wasifu wa mzee ulikuwa haujaandikwa.

“Si wewe ndiye mwenye Kiingereza, dada? Andika tu kama zile zingine.”

Zile zingine zote hufanana. Huko kwao milimani maiti hana kasoro: alipenda kanisa, alipenda watu, aliugua kidogo, akalala. Rita aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa, na mwishoni akaweka kwamba Mzee Festus Mwandawiro alipumzika “peacefully” nyumbani kwake Wusi, Alhamisi asubuhi. Akaisoma tena sentensi ile. Haikuwa na kosa hata moja, akaituma.

Mzee alikufaje, yeye hakujua. Alichojua ni kwamba hospitali ilimrudisha nyumbani kwa sababu ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeshindikana, na kwamba mamake, Dinah, alimpigia simu Jumatatu ya wiki iliyotangulia, akapiga Jumanne, akapiga tena Jumatano. “Babako anakutaka. Njoo.” Kutoka Voi hadi Wusi si safari; mtu hupanda asubuhi akarudi kula chakula cha mchana kwake. Lakini kulikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha, na Rita akasema atakuja Ijumaa. Huyo ndiye mwalimu aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuchelewa dakika kumi.

Tangu hapo hakumuuliza mamake kitu, na mamake hakumwambia. Matangani alijitia kazi, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, mradi asikae peke yake na Dinah. Jambo moja tu aliloliogopa ni kuambiwa.

Jumamosi, siku ya mazishi, watu wakajaa uani Wusi. Wasifu husomwa kwanza kwa Kiingereza, kwa heshima ya marehemu, kisha msomaji huyo huyo huurudia kwa Kidawida, lugha ya kwao, kwa ajili ya kina nyanya wa mbele. Lewis Kidawida chake kiliishia shule ya msingi, kwa hiyo kipaza sauti akapewa Rita. Kwa Kiingereza lile neno lilipita kama maji juu ya jani la nduma. Walimu wenzake wakatikisa vichwa kwa kukubali, na Bi Mwanarusi, jirani yake wa Kaloleni, akapangusa macho.

Kwa Kidawida ilimbidi aseme akimtazama mamake, aliyekaa hatua tatu mbele yake.

“Baba alilala kwa amani,” alisema.

Dinah akainua uso. Hakuwa na hasira. “Nani alikwambia?” akauliza kwa lugha hiyo hiyo.

Dinah akasimama akishikilia kiti, na kasisi, aliyedhani mjane anataka kushukuru, akasema, “Mama ana neno. Rita, tutafsirie wageni wa Voi.”

Mtafsiri wa kanisani hana maneno yake mwenyewe. Msemaji akisema “mimi”, naye husema “mimi”. Rita alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa msichana. Mamake alisema kidogo kidogo, akimngoja, naye akafuata kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya darasani.

“Mume wangu hakufa kwa amani.”

“Alilia siku tatu, nami nimemshika miguu.”

“Kila mlango ulipogongwa aliniuliza, Rita amefika?”

Bi Mwanarusi aliacha kupangusa macho, akamtazama Rita. Rita hakuhisi kitu. Alikuwa akingoja sentensi inayofuata, kama mtu apokeaye matofali.

“Nilimpigia mwanangu simu mara tatu. Nikamwambia mzee yuko njiani kutuacha.”

“Alhamisi asubuhi niliona hawezi tena. Nikamdanganya. Nikamwambia, amefika, yuko nje anavua viatu.”

“Akasema, mwache aingie. Akafa akitazama mlango.”

Rita aliyasema yote, hakuacha hata neno moja. Kisha akangoja, lakini mamake alikuwa ameshakaa, mikono mapajani, amechoka. Hapakuwa na kingine cha kutafsiri. Ndipo uchungu aliokuwa akiukimbia wiki nzima ukamjia wote kwa pamoja.

“Mama,” alisema kwa Kidawida, kipaza sauti kingali mdomoni, “sikufika.”

Wageni wa Voi wakaulizana amesema nini, na hapakuwa na wa kuwaambia.