Kabuti, Kandambili na Mama Tunu Juu ya Paa

Niliota usiku wa jana, tena niliota nimekaa wima kwenye kochi, rimoti mkononi. Kwa hiyo atakayekwambia mzee alikuwa amelala fofofo ana lake jambo.

Mke wangu, Mama Tunu, ana gemu ya mazombi. Binti yetu aliiacha alipokuja likizo, na mama mtu akaipenda kuliko watoto walioletewa. Ndani ya gemu ana mtu wake, mwanamke mfupi wa kitenge, ambaye tangu mfungo uishe hajaumwa na zombi hata mmoja. Jana jioni alikwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, akaniachia rimoti.

"Baba Tunu, nishikie mtu wangu. Akiumwa mara moja tu, amekufa, na mimi naanza upya. Na nikianza upya, na wewe utaanza upya."

Sikuuliza nitaanzia wapi. Nikapepesa macho.

Runinga ikaniita jina. Kutazama, namwona Mama Tunu mwenyewe, siyo yule wa gemu, amesimama juu ya paa la kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani. Ngazi imeanguka chini. Upande wa pili wa kiwanda mazombi wanapandiana mabegani kuifuata harufu yake.

"Baba Tunu! Njoo uniinulie ngazi nishuke!"

"Nakuja!"

Kabati la nguo likajifungua. Kabuti langu la zamani likakohoa vumbi.

"Mstaafu, unakwenda wapi na singlendi? Wale wanauma. Nivae."

Nikalivaa. Buti za mpira zikasema na sisi. Helmeti ya pikipiki ikasema kichwa ndiyo serikali ya mwili. Nikavaa suruali mbili, na juu ya kila kitu vazi nililokuwa nikirinia asali, pamoja na wavu wake. Chini ya kochi, kandambili zangu za bluu zikacheka.

"Babu, hapo unakwenda vitani au unakwenda kuzikwa?"

"Nyamazeni, viatu vya chooni," likajibu kabuti.

Natoka nje. Mchana, jua la kukaanga mayai. Nikisogea, nasikia kitu kinatafuna. Krumu, krumu.

"Nini hicho?"

"Ni sisi," zikasema buti, midomo imejaa. "Kila kinachokulinda kinakula mwendo wako. Ndiyo sheria ya gemu. Hukuelezwa?"

"Mnakula mwendo wangu?"

"Mtamu, ila umechacha kidogo magotini."

Jongoo akanipita. Akageuka, akanipa pole, akaendelea na safari yake.

Zombi akanifikia, kijana mrefu, udongo mwekundu mpaka nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimekufa. Naomba nikuume."

"Uma, mwanangu."

Akauma mkono wa kabuti. Akauma tena. Akajifuta mdomo.

"Hapaumiki."

"Unaona?" kabuti likavimba kwa fahari.

"Basi tutaonana baadaye," akasema zombi. Kwa mwendo niliobakiwa nao, alikuwa na haki ya kutokuwa na haraka.

Nikakata kona ya soko, na kona ikanirudisha sebuleni kwangu. Nimekaa kwenye kochi, jasho limejaa buti. Mama Tunu yumo ndani ya runinga.

"Baba Tunu, uko wapi?"

"Nipo njiani."

"Njiani wapi, na nakuona umekaa kwenye kochi? Wamefika kwenye mabati!"

"Napumzika kidogo tu, mke wangu. Nguo nzito."

Hapo mlangoni ikaja sauti ya upole. "Hodi!"

"Karibu!" nikaitikia.

Nguo zote zikanigeukia.

"Umesema nini?" ikauliza helmeti.

"Mtu kabisha hodi."

"Mlango ulikuwa na kufuli tatu!"

"Na mgeni asijibiwe?"

Kufuli zikafunguka zenyewe, maana neno la mwenye nyumba lilishatoka. Akaingia yule kijana na ukoo wake mzima. Lakini kizingitini wote wakainama kuvua viatu. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na vumbi kwenye mkeka wa Mama Tunu hata maiti analiogopa.

"Samahani, mzee," akasema kijana. "Hiki cha kushoto kimekazwa tangu nilipozikwa." Akaanza kukata kamba kwa meno.

"Taratibu, mwanangu, nyumba ni yako," nikamwambia, na vidole vyangu vinafungua vifungo.

"Ukinivua utaumwa!" likalia kabuti.

"Nisipokuvua ataumwa mke wangu."

Kila nguo iliyoanguka ilitapika ilichokula. Mwendo wangu ukanirudia magotini, viunoni, mpaka kabuti likatapika ule mwendo wa siku niliyokimbia kumwahi Mama Tunu asiolewe na fundi saa wa Urambo. Huo ndio nilioutaka! Nikachomeka miguu kwenye kandambili, nikapita dirishani. Nyuma yangu mazombi wanagombania viatu kama watu waliotoka kuswali.

"Hicho changu!"

"Chako kina tundu!"

Nakimbia! Chapa, chapa, chapa! Upepo unapiga mbinja ndani ya singlendi. Jongoo nampita, nampa pole yake. Kiwanda hiki hapa, ngazi hii hapa, naiinua kama ufagio.

"Umekuja na singlendi mbele za watu?" akafoka Mama Tunu.

"Watu gani? Wamekufa!"

"Na nyuma yako huyo?"

Kijana alikuwa amefika, kiatu mguu mmoja.

"Sishuki tena! Panda wewe, Baba Tunu, panda!"

Napanda. Meno yakaikamata kandambili kisiginoni, mguu wa kushoto.

"Nenda, babu," ikasema kandambili. "Sijawahi kukulinda hata na mwiba. Niache leo nijaribu."

Ikachomoka. Nikaangukia juu ya bati, tukaivuta ngazi pamoja, tukawasukumia nayo chini wale waliofika mabatini.

"Baba Tunu. Baba Tunu! Mtu wangu mzima?"

Nikafumbua macho. Mama Tunu amesimama mbele yangu na mtandio wake wa kutokea. Kwenye runinga, mwanamke wa kitenge ametulia juu ya paa, hana hata mkwaruzo.

"Mzima."

"Ahsante, mume wangu. Ila kandambili yako nyingine iko wapi? Na una mgeni? Mlangoni kuna kiatu kimoja cha kiume, cha kushoto, kina udongo mwekundu. Kamba zake zimetafunwa."

Kabla sijajibu, nje ikaja sauti ya upole. "Hodi!"

Mama Tunu akafungua mdomo kuitikia. Nikauziba kwa kiganja.