Fundi Pancha Aliyeozwa na Halmashauri

Afisa mipango wa halmashauri alikuwa na sauti ndogo ambayo hata paka wa ofisini hakuijali. Siku alipowaita watu ukumbini kuwaeleza kwamba barabara mpya ya mchepuo itajengwa nyuma ya kilima, na kwamba malori yote yanayosimama mjini sasa yatapitia huko, aliwaonyesha grafu ukutani. Kinyozi alilala wa kwanza. Fundi pancha akamfuata, akikoroma kuishinda mashine yake ya kujazia upepo. Mwishoni watu walipiga makofi, wakauliza kama kuna soda.

Wiki iliyofuata aliziacha grafu ofisini, akaja na hadithi. Kulikuwa na mji, alisema, ulioishi kwa malori. Ulikuwa na fundi pancha, kinyozi, mwenyekiti na mama mmoja mwenye mgahawa. Barabara ikahama, malori yakahama nayo, na yule fundi pancha akabaki na jeki mapajani, akiikodolea macho baiskeli ya posta kwa matumaini.

Safari hii hakulala mtu. Kesho yake wakaanza kumfuata ofisini mmoja mmoja.

"Dada," alisema fundi pancha, kofia mkononi, "yule jamaa wa hadithini mbona umemtupa hivyo? Hana hata mke!"

"Ni hadithi tu, kaka."

"Ndiyo maana nakwambia, haikugharimu kitu. Mtafutie."

Afisa mipango hakuwa na uwezo wa kumwambia mtu hapana akiwa anamtazama usoni. Akamtafutia. Kinyozi naye akaja kuomba viti vinavyozunguka. Kisha akaja mwenyekiti, akafunga mlango na kuvuta kiti karibu.

"Binti yangu, sitaki kuingilia utaalamu wako. Ila yule mwenyekiti wako ni mfupi mno."

"Sikutaja kimo chake, mzee."

"Hukutaja, lakini watu wamemwona mfupi."

Akamrefusha. Mwenyekiti mrefu akataka kushangiliwa, na ili ashangiliwe ikabidi mji ustawi. Basi hadithi iliposimuliwa tena, barabara ya mchepuo ilijengwa kama kawaida, lakini madereva wakaukumbuka mji kwa mapenzi, wakawa wanakata kona kurudi. Kwa nini warudi, hakusema, hakujua. Fundi pancha wa hadithini alipofunga ndoa, ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Siku hizo fundi pancha mwenyewe akipita njiani watu walimpa mkono wa heri, naye akawa anaitikia.

Afisa mipango alirudi kwake akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, watu walimpenda.

Asubuhi moja alipita mgahawani kwa mama yake mdogo, aliyemlea na kumsomesha kwa chai ya madereva. Uani alikuta rundo la matofali, na fundi mwashi akivuta kamba toka kona hadi kona, penseli sikioni.

"Mama mdogo, hapa kuna nini?"

"Ghorofa, mwanangu! Vyumba vya madereva. Si umesema mwenyewe watarudi? Shamba limepata mnunuzi, kesho naweka sahihi."

"Mama mdogo, ile... ile hadithi niliitia sukari."

"Sukari gani? Ukumbini uniambie hili, jikoni uniambie lile, nishike lipi? Mtoto nimemsomesha mwenyewe, nisipomsikiliza yeye nimsikilize nani?" Akamgeukia mwashi. "Wewe kaza kamba, inalegea!"

Alasiri hiyo hiyo afisa mipango akaita watu ukumbini. Walikuja wamependeza, walidhani fundi pancha amepata mtoto. Alisimama mbele, akaanza kabla moyo haujamgeuka.

"Hadithi ya mwisho niliipamba. Leo naisimulia ilivyo. Barabara ilihama, na malori hayakurudi."

"Hata kidogo?" aliuliza kinyozi.

"Hata kidogo. Viti vyako ni vilevile viwili, na kimoja hakina mgongo."

"Ngoja kwanza," fundi pancha alisimama. "Mke wangu je?"

"Hukuoa, kaka."

"Nimeoa mbele ya watu wote hawa! Mwenyekiti ni shahidi!"

"Shahidi mwenyewe mfupi," kinyozi alinong'ona, na ukumbi ukavunjika mbavu. Mwenyekiti akakaa wima zaidi.

Mama mdogo peke yake hakucheka. Aliuliza kutoka kiti cha nyuma, "Na yule mama wa mgahawa?"

Afisa mipango angeweza kumpa hata mpangaji mmoja. Mpangaji mwema, mzee, asiye na makuu.

"Aliuza shamba, mama. Akajenga ghorofa. Wanalala popo."

"Popo wanalipa?"

"Hawalipi. Na wanachafua mashuka."

Mama mdogo aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kumtazama mpwa wake. Afisa mipango akasikia machozi yakimjia, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Kutoka mgahawani, mkabala na ukumbi, ikasikika sauti ya mama mdogo akimfokea mwashi akunje kamba, na mwashi akiuliza amekosa nini, na sauti ikijibu kwamba hajakosa, akunje tu.

Kisha akarudi. Alisimama mlangoni, mwashi nyuma yake na kamba begani.

"Wewe, msimuliaji. Hao madereva huko nyuma ya kilima, wanakula wapi?"

"Sijui, mama mdogo. Kweli sijui. Barabara bado haijajengwa."

"Ahaa. Kumbe bado." Alivuta kiti, akakigeuza kuwaelekea watu. "Basi kaa chini, umesimama sana. Huyo mama, kabla hajauza hata mche mmoja, aliondoka na chupa yake ya chai akapanda kilimani kuwauliza wanaopima barabara, magari yatapumzika wapi. Na hakwenda peke yake. Fundi pancha, ulikuwa unafanya nini siku hiyo?"

"Nilikuwa na majonzi ya mke," alisema fundi pancha.

"Utayabeba pamoja na jeki. Nani mwingine alikwenda?"