Posa ya Tonawanda na Timu Iliyokataa Safari

Ukitaka kumposa binti wa Mzee Zenoni wa Tonawanda, jua kwamba unaposa na timu ya mpira. Hilo hakuniambia mtu. Niligundua mwenyewe, simu sikioni, chai ikipoa mezani, mimi nikiwa Louisville na yeye huko kwao jirani na Buffalo, ambako theluji huanza kabla watu hawajavua kandambili.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni Sylveri, msemaji wa upande wa kijana Eliezer. Tumesikia kwako kuna—"

"Marahaba. Unajua timu ya chuo kikuu chetu ilianza lini?"

"Mzee, nimepiga kwa habari ya Delfina."

"Elfu moja mia nane tisini na nne," akasema, akaanza.

Sikupata nafasi ya kulitaja jina la Delfina tena. Nilisikia habari za makocha waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Nilisikia walivyofungwa, na walivyofungwa tena, maana hiyo timu, Mungu anisamehe, imefungwa sana. Na ni ule mpira wa Kimarekani, unaoitwa wa miguu huku mtu anaukumbatia kama kichanga. Nilipokohoa, alidhani nimepoteza mtiririko, akarudi mwanzo.

Mimi ndiye msemaji wa posa wa Warundi wa Louisville. Siku za kazi napanga maboksi ghalani. Jumamosi nawaombea vijana wachumba. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilinitoa meno mawili ikaniachia mdomo, nami nautumia. Nimeshughulika na wakwe wagumu. Yuko aliyetaka kujua kwa nini bwana harusi hana kitambi. Yuko aliyetufungia mlango kwa mzaha, mzaha ukaendelea mpaka magharibi. Lakini mkwe wa kunifanyia mtihani wa historia ya chuo ambacho hata yeye hakusoma, huyo alikuwa wa kwanza.

Eliezer akanieleza. Mzee Zenoni alifanya kazi kiwandani, na Jumamosi za mechi alivaa koti la njano, akakagua mikoba kwenye geti la uwanja wa chuo. Getini alipangiwa zamu pamoja na Mmarekani mmoja mzee aliyeijua historia yote ya timu, akamfundisha. Basi imemkaa. Nikamwelewa kidogo, nisiseme uongo. Historia yetu sisi hakuna aliyewahi kutuuliza isipokuwa maofisa wa wakimbizi, nao waliuliza ili watunase tunajichanganya. Hii alipewa bure, na mtu, getini, kwenye baridi. Akaishika kama ya kwao.

Kumwelewa mtu na kumvumilia ni mambo mawili, lakini.

Tarehe ya posa akaipanga yeye: Jumamosi ya Novemba ambayo timu yake ingekuwa ugenini. Nasi tukakubali, kama kuku anavyokubali kubebwa.

Tuliondoka Louisville alfajiri, watu watatu na kreti mbili za Fanta. Eliezer akiendesha, suti imening'inia nyuma kwenye mfuko wa plastiki. Mimi. Na Mama Veridiana, ambaye ni mama wa Eliezer kwa kila namna isipokuwa kumzaa. Mama mzazi alifariki kambini mtoto akiwa hajajua kusema. Veridiana alikuwa mwenye kibanda cha jirani. Alimchukua siku ya mazishi akaenda naye kwake, na hakuna aliyekuja kumdai. Akamlea kwa kuuza gongo nyuma ya kibanda. Polisi wa kambi wakivunja mitungi, yeye anatafuta mingine. Daftari za Eliezer, viatu vya Eliezer, sare ya Eliezer, vyote vilitoka kwenye ile mitungi. Leo alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vilivyomuuma, naye alikuwa ameshavivua kabla hatujavuka mto Ohio.

Tulipaswa kumpitia rafiki wa Eliezer huko Columbus, Ochieng, Mkenya anayesomea udaktari wa mimea kwenye chuo kikuu cha pale. Ni jambo la dakika chache, tulidhani. Tulikuwa tumeangalia ratiba ya timu ya Buffalo kama watumwa. Ya Columbus hatukuiangalia.

Columbus siku ya mechi si mji, ni mafuriko ya watu waliovaa nyekundu. Barabara za karibu na chuo zimefungwa. Wanaume wazima wamejipaka rangi usoni, wanachoma nyama kwenye maegesho asubuhi na mapema. Tulizunguka mpaka Mama Veridiana akauliza kama kuna msiba wa mkubwa fulani.

Ochieng akapiga simu. "Boss, usijaribu kufika kwangu. Landlord amepangisha hadi nyasi za mlangoni, kuna magari mpaka chini ya dirisha. Natembea nakuja."

Alitokea baada ya muda mrefu akisukumana na umati, begi kichwani. Akaingia akihema.

"Pole sana, mama. Shikamoo. Hawa watu wakishinda wanapiga kelele, wakishindwa wanapiga kelele. Mimi hufanya research na earplugs."

"Mwanangu," Mama Veridiana akamwambia, "hao wana timu. Sisi tunakokwenda kuna mzee mwenye timu. Kaza moyo."

Njiani mpaka Buffalo nikawapiga msasa wote wawili. Mwaka sabini ilikuwaje? Ochieng: "Timu ikavunjwa, hakuna pesa." Ikarudi lini? Eliezer: "Sabini na saba." Na hamsini na nane? Hapo wote wawili wakajibu kwa wimbo, maana Eliezer alikuwa amekwisha kuisikia kwa simu mara zisizohesabika na Ochieng aliisikia kwa Eliezer. Mama Veridiana alikuwa amelala, mdomo wazi, miguu juu ya kreti.

Tulifika Tonawanda giza linaanza kuingia. Nyumba ya mbao, bendera ya timu, ya buluu yenye fahali, ikipepea mlangoni. Mzee Zenoni alitupokea barazani, mrefu, mkavu, na kofia ya timu juu ya suti. Akamshika Ochieng mkono kwa mikono miwili alipoambiwa ni msomi. Kisha akamwona Mama Veridiana, na akanivuta kando.

"Yule ndiye Veridiana wa Mtabila? Wa kijiji cha D?"

"Ndiye aliyemlea kijana, mzee."

"Namjua alivyomlea, tulikuwa kambi moja. Mimi ni mzee wa kanisa, Sylveri. Ndani kuna mchungaji, kuna kina mama wa kwaya. Siwezi kumkalisha muuza gongo kwenye kiti cha mama mkwe. Aende nyumba ya jirani, au asubiri garini. Tukimaliza, atapelekewa chakula."

Nilitaka kumuuliza gongo hiyo kijiji cha D ilinunuliwa na nani, kama si waumini. Lakini msemaji anajua maswali yasiyoulizika. Nilikuwa nimechoka, mgongo umekufa, na nilichotaka ni posa ipokewe nikalale. Nikaenda kumwambia Mama Veridiana. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Sylveri, nimewahi kukaa nje ya nyumba nyingi," akasema. "Nipe funguo niwashe hita. Nendeni mkamlete mke wa mwanangu."

Nikamwambia Eliezer kwamba mama anapumzika kidogo garini. Alinitazama. Mimi nikatazama bendera.

Ndani kulikuwa kumejaa, na kiti kimoja upande wetu kilikuwa kitupu. Nikasimama, nikakohoa kikohozi cha kazi.

"Wazee wangu, tumetoka mbali. Tulipokuwa tunapita tuliona moshi, tukasema penye moshi kuna jiko, na penye jiko—"

"Kaa kwanza," akasema Mzee Zenoni. "Wageni hawaombi kitu nyumbani kwangu kabla hawajajua wameingia nyumba ya nani. Timu yetu ilianza mwaka elfu moja mia nane tisini na nne."

Nikaketi. Mchungaji akafumba macho, na sidhani ilikuwa sala. Tulipitia vita ya kwanza. Tulipitia vita ya pili. Makombo ya sambusa yalikuwa yanaganda mapajani mwangu. Kwenye mlango wa chumba niliona jicho moja la Delfina, amefichwa kama desturi inavyotaka, akimwangalia baba yake kama mtu anayesubiri basi asilolipenda.

"Ndipo ikaja hamsini na nane," akasema mzee, sauti ikapanda. "Timu nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo! Wakaalikwa Florida, mechi ya heshima. Haijawahi kutokea. Lakini wenye uwanja kule wakasema: hapa Weusi hawachezi pamoja na Weupe. Na kwenye timu walikuwemo vijana wawili Weusi. Basi timu ikaulizwa: mtakwenda bila hao wawili, au mtabaki? Mnajua walijibu nini?"

Kina mama wa kwaya, kwa mazoea: "Bila hao wawili, hatuendi!"

"Wote! Hakuna hata mmoja aliyesema yeye aende. Na hawakualikwa tena kokote kwa miaka hamsini, na hawakujuta. Hiyo ndiyo timu. Sasa mwaka sabini—"

Eliezer akasimama. Akachukua koti lake kwenye kiti, akawapa wazee heshima kwa kichwa, akatoka.

Mzee akasubiri mlango ufungwe kama anayesubiri mtoto atoke msalani. "Mwaka sabini—"

Ochieng naye akasimama. "Samahani sana, mzee. Chakula kinanukia vizuri." Akatoka.

Nikabaki mimi na kreti moja ya Fanta tuliyoingia nayo. Msemaji asiye na watu ni redio. Kila mtu alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitamani mzee aendelee na sabini.

"Wanakwenda wapi?" akaniuliza. "Sijamaliza."

"Mzee," nikasema, "wewe umefika sabini. Wao wamekwama hamsini na nane."

"Una maana gani?"

"Gari letu lina mtu ndani. Umesimulia habari hii miaka yote getini na kwenye simu, nasi tumekariri kama katekisimu. Ulitegemea tuifanyie nini? Tuiimbe tu?"

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Delfina akapita katikati ya wageni na nguo zake za kuposwa, shanga zikilia, akachukua koti la mama yake msumarini.

"Wewe! Hujaitwa bado!" mama mmoja akapiga ukelele.

"Nitaitwa nikiwa garini," akasema Delfina, akatoka.

Nikawafuata. Ningebaki kufanya nini?

Garini kulikuwa na joto na harufu ya miguu. Mama Veridiana nyuma, Delfina amejibana pembeni yake, Ochieng kwenye kreti iliyobaki, Eliezer kwenye usukani, injini imewaka naye haondoki. Mama alikuwa anafoka.

"Eliezer, rudi ndani! Nimetoka Louisville na viatu vinavyouma ili uje kuninunia hapa? Sylveri, wewe mtu mzima, wameshindwaje kukaa?"

"Wameshiba historia, mama."

Tukagongewa dirisha. Ni Mzee Zenoni, bila koti, theluji nyepesi imeanza kumkaa kwenye kofia. Nikafungua mlango wa nyuma. Akainama.

"Haya mambo si sawa," akasema, akimwambia Eliezer lakini haangalii mtu. "Wale walikuwa wachezaji. Walitoa jasho. Hili ni jambo la kanisa, ni jingine kabisa. Huwezi kuchukua hamsini na nane ukaiweka mahali popote unapotaka."

"Ipi hiyo hamsini na nane?" Mama Veridiana akauliza. "Sijaisikia. Mimi nilikuwa huku nje. Ingia, mzee, unatuletea baridi. Nisimulie."

Nilitaka kulia. Ningemziba mdomo kama si heshima. Mzee akaingia, akakaa karibu yake magoti yakigusa kidevu, akafunga mlango. Akarekebisha kofia.

"Ilianza mwaka elfu moja mia nane tisini na nne," akasema.

Na Mama Veridiana, peke yake kati ya watu wote niliowaona wakiisikia, aliuliza maswali. Kocha yule alikuwa na watoto? Walipofungwa hivyo, wake zao waliwapikia? Mzee akazidi kupata moto. Vioo vikaziba kwa mvuke. Akafika hamsini na nane. Akafika Florida.

"Wenye uwanja wakasema, hao wawili wasiingie."

"Kwa nini wasiingie?"

"Wakasema wao..." Mzee akamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu barazani. "Wakasema hao si watu wa kukaa na wengine."

"Masikini. Na hao wawili walikuwa wapi wakati wenzao wanaulizwa?"

Mzee akafuta mvuke kwenye kioo kwa kiganja. Miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa, na nadhani hajawahi kujiuliza. Hita ilikuwa inavuma. Mimi niliyekuwa nimeomba Mungu anyamazishe mdomo ule tangu simu ya kwanza, nikajikuta nauombea useme ule mstari mmoja uliobaki.

"Ehe?" akasema Mama Veridiana. "Timu ikajibu nini?"

Mzee akavua kofia, akaigeuza mikononi.

"Mama," akasema, "viatu vyako viko wapi? Twende ndani."

"Vinauma."

"Utavaa vya mke wangu."

Aliingia naye kwa mlango wa mbele, Mama Veridiana na kandambili za plastiki za mke wa mzee, zilizokuwa barazani, na kitenge kipya, mbele ya mchungaji na kwaya nzima, akamkalisha kwenye kile kiti kitupu. Mama mmoja wa kwaya alikunja pua. Mzee akamtazama mpaka ikakunjuka. Delfina akarudishwa chumbani aje kuitwa upya, maana desturi ni desturi.

"Bwana msemaji," akasema Mzee Zenoni, amechoka. "Haya. Sema mlichojia."

Nikasimama. Nikafuta makombo. Nikatazama nyumba yote, taratibu, mmoja mmoja.

"Wazee wangu," nikaanza, "habari yetu inaanzia mwaka elfu moja mia nane tisini na nne."

"Sylveri!" akafoka Mama Veridiana kutoka kwenye kiti cha mama mkwe. "Omba mke, chakula kinapoa."