Mawaridi ya Wiki ya Saba

Dobi alijiunga na chama cha bustani akiwa na miaka hamsini na minne, na mtaani walimcheka bila kujificha. Mtu kapiga pasi mashuka ya watu tangu usichana wake, leo anakwenda kujifunza kupanga maua kama mke wa waziri. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alimuuliza, "Shoga, siku hizi na maua yanapigwa pasi?"

"Yakijikunja nitayapiga," akamjibu, akashika njia yake.

Sababu alikuwa nayo, moja tu. Binti yake alikuwa anaolewa. Hakumzaa. Alipoolewa na baba yake alimkuta ana miaka minne, kichwa kimejaa upele, hali chakula, halali usingizi, na baba mtu hajui hata kumchana nywele. Mama mzazi alikuwa amekwenda zake ng'ambo, barua hakuna, salamu hakuna. Dobi akamlea yeye, akamsomesha kwa vidole vilivyobabuka sabuni. Siku alipochumbiwa, binti alimning'inia shingoni akamwambia, "Mama, maua ya harusi yangu utapanga wewe. Sitaki mkono wa mtu mwingine."

Dobi alilitunza neno lile kama kitambulisho. Maana mama mzazi naye alikuwa amerudi, ananukia manukato, anacheka kwa sauti, na ukumbini watu wangeulizana mama ni yupi. Maua yangewajibu.

Basi kila Jumatano alasiri alikwenda nyuma ya maktaba, mahali chama kilipokutana. Mwalimu wa maua alikuwa mama mwembamba, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni. Akawafundisha kukata kikonyo mshazari ili kinywe maji, na kuondoa kila jani litakalozama. Alipofika kwenye mayungiyungi meupe, akawaonyesha vijiti vya katikati ya ua, vyenye unga wa rangi ya kutu, akasema ving'olewe mara tu ua linapofunguka.

"Unga huo ukigusa nguo nyeupe, usiweke maji," dobi akadakia. "Ukiweka maji umeupigilia msumari. Hautoki tena."

"Mwenzetu ni bingwa wa madoa," mwalimu akasema, na wanachama wakacheka. Dobi naye akacheka. Alikuja kujifunza, hakuja kununa.

Nyumbani alipanda mawaridi kumi na mawili ndani ya mabeseni yake yaliyotoboka. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba waridi likipogolewa, huchanua tena baada ya wiki saba. Dobi akaichukua kalenda, akaweka kidole kwenye Jumamosi ya harusi, akahesabu kurudi nyuma. Siku ilipofika akayakata yote mpaka yakabaki vijiti. Mumewe akapita akatikisa kichwa. "Umeyanyoa kipara."

"Yatanyoosha vichwa siku ninayotaka mimi."

Na kweli yalichipua. Wiki ya sita yakatoa vichwa vidogo vya kijani, vimefumba kama ngumi za mtoto mchanga. Jumatatu ya wiki hiyo binti akapiga simu.

"Mama mdogo, nguo yako iko tayari? Jumamosi hii mapema ukumbini."

Dobi alisikia mawili kwa pamoja, hakujua lipi limuume kwanza. Tangu lini yeye ni mama mdogo? "Jumamosi hii? Si ile nyingine?"

"Tumeisogeza wiki moja. Mama ana safari. Baba hajakwambia? Nilimwambia zamani."

"Mawaridi yangu hayajafunguka, mwanangu."

"Usijisumbue na maua. Mama amemchukua mwalimu wenu. Anakusifu sana, anasema una bidii."

Mumewe alipoulizwa aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Ungeitafuta mdomoni. Ndiko inakokaa."

Jumamosi dobi alivaa gauni lake, lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akaketishwa meza ya tatu pamoja na shangazi za bwana harusi. Mama mzazi alikuwa meza kuu, ubavuni mwa bibi harusi. Maua yalikuwa mazuri, hilo dobi hakulikana. Mayungiyungi matupu, meupe. Lakini yalikuwa yamepangwa asubuhi yakiwa bado yamefumba, na joto la ukumbi lilikuwa limeyafungua. Unga wa kutu ulining'inia upana wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye mkono wa gauni la binti yake.

Aliutazama. Angeweza kukaa. Nani angemlaumu? Akajiona ameinua kijiko akijifanya anakula, na moyoni anasema wacha umguse, wacha wajue. Kisha binti akanyoosha mkono kuchukua glasi, na dobi akajikuta amesimama.

Alifika meza kuu akainama. Akang'oa kijiti kimoja kimoja kwa kucha, akavikusanya kwenye leso, ua baada ya ua, pumzi ameibana.

Mama mzazi akageuka, akamwona mgongo na leso. "Asante dada. Ukimaliza hapa, malizia na meza ile ya wazee."

Dobi akainua uso, akamtazama binti. Binti alikuwa amesikia. Aliangalia sahani yake, akasogeza uma upande huu, akaurudisha upande ule.

"Sawa," dobi akasema. Akaenda akamalizia meza ya wazee, kisha akatoka kwa mlango wa jikoni.

Mawaridi yalifunguka Jumamosi iliyofuata, yote kumi na mawili asubuhi moja, kama alivyoyahesabia. Binti na mama yake mzazi walikuwa wameshasafiri, kila mmoja na njia yake, na simu haikulia. Dobi aliyakata mshazari, akaondoa majani ya chini, akayapanga katikati ya meza ya kulia, marefu nyuma, mafupi mbele, kama alivyokusudia kuyapanga kwenye meza kuu.

Mumewe akaingia, akasimama mlangoni. "Leo tuna mgeni?"

"Tulikuwa naye," dobi akasema. "Miaka ishirini na mbili." Akachukua pasi, akarudi kwenye mashuka ya watu.