Maimuna Anajifungia Mlango

Tangu azaliwe, kibofu cha Maimuna hakiwezi kutoa mkojo chenyewe. Kila baada ya saa tatu mama yake, Zuleha, humwingizia mpira mwembamba ili mkojo utoke. Nyumbani kwao, mtaani Mabawa, alimfundisha kujiwekea mwenyewe, lakini mtoto aliogopa, akamrudishia mpira. Kwa hiyo tangu aanze darasa la kwanza, Zuleha humfuata shuleni kwa baiskeli kila mapumziko.

Jumanne moja baiskeli ilipata pancha. Zuleha aliikokota akikimbia, maana mkojo ukikaa sana humletea mwanawe homa. Alimkuta Mwalimu Loveness amesimama nje ya choo.

“Mwalimu, mwanangu yuko wapi?”

“Yumo ndani, Mama Maimuna. Kachukua mpira wa akiba uliouacha ofisini, kanawa mikono, kisha kanitoa nje.”

Zuleha aligonga mlango. “Nije nikusaidie?”

“Usiingie, mama! Namaliza!”

Maimuna alitoka na sketi kavu. “Shikamoo mama. Kesho naweza kucheza rede na wenzangu?”

“Cheza, mwanangu,” alisema Zuleha, akicheka huku machozi yakimtoka. “Wiki hii nitakuja kukutazama tu.”