Mayai Yaliyoitwa Dawa ya Moyo

Jana mchana, baada ya ugali na mlenda, nilijilaza juu ya magunia ya pumba stoo kwetu Mandewa, nikaota kwamba trei nzima ya mayai imeniita kikaoni.

Nieleze kwanza, maana ndoto hii haieleweki kwa mtu asiyejua mambo ya nyumbani kwetu. Mimi ni Paskalina Ntandu, nafuga kuku wa mayai hapa Singida. Tangu mwezi wa tatu nawalisha mbegu za kitani ninazoletewa kutoka Arusha, na dagaa kidogo, ili mayai yawe na yale mafuta mazuri ambayo bwana mifugo alitwambia kwenye semina kwamba yanaufaa moyo na mishipa. Nilifurahi mno. Nilifurahi hadi Jumapili iliyopita nikachukua kipande cha bati na rangi nyekundu, nikaandika MAYAI DAWA YA MOYO, nikakitundika getini. Mtu wa kwanza kukisoma alikuwa baba yangu, Mzee Ntandu, fundi bomba mstaafu mwenye presha ya kupanda. Alikisoma mara mbili, akavua kofia.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Basi mimi nimepona."

Nilidhani ananitania. Baba ni mtani tangu zamani.

Haya, tuingie ndotoni. Mayai thelathini yamesimama wima kwenye trei, na lile la katikati limevaa tai. Linakohoa kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," najibu. Sikuona ajabu, kwa sababu mayai yangu nimeyalea vizuri.

"Tumekuita kwa ajili ya ajenda moja tu. Kibao."

Mlango wa stoo unafunguka, na kibao changu cha getini kinaingia chenyewe kwa miguu miwili ya waya. Rangi yake bado mbichi, inadondoka sakafuni. Kinasimama pembeni, kimeinamisha kichwa.

"Kibao, umeandikwa nini?" Yai linakiuliza.

"Mimi sijui kusoma," Kibao kinajibu. "Nimebeba tu."

"Kimeandikwa sisi ni dawa," Yai linaniambia. "Kilichoandikwa lazima kitekelezwe, ndiyo sheria ya huku. Kwa hiyo tumepangiwa kazi. Tunaripoti leo kwenye moyo wa Mzee Ntandu, na wewe ndiye mdhamini wetu. Chukua kandambili zako, kuna maji."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, sifichi. Nani asingependa kuyaona mayai yake yakifika yalikokusudiwa? Nikavaa kandambili. Mayai yote thelathini yakavaa mabegi mgongoni, kila begi limejaa mafuta ya mbegu za kitani, tukapanga mstari. Lile la mwisho lilikuwa linanuna.

"Lina nini hilo?" nikauliza.

"Ndugu yake ulimkaanga Jumanne," likasema lile lenye tai. "Chipsi mayai. Mafuta ya tangu Ijumaa, meusi ti. Mabegi yote yaliungua kabla ya safari."

Kweli, Jumanne nilikuwa na haraka.

Tunatoka mlango wa stoo, na nje si uani kwetu tena. Ni ndani ya bomba. Bomba pana, jekundu, lenye joto, na linanuka lile koti la kazi la Baba, grisi na sabuni ya kipande. Ukutani kuna maandishi ya mkono wake, ya chaki: BADILISHA HAPA. Chini yake kuna mwaka niliomaliza darasa la saba. Kuta zimeota magamba ya njano, sawasawa na yale aliyokuwa akituletea nyumbani zamani kutuonyesha jinsi maji ya chumvi ya Singida yanavyoziba mabomba. "Bomba haliumwi siku moja," alikuwa akituambia mezani, huku Mama akimwomba aondoe hayo magamba karibu na mboga.

Na huyo hapo Baba mwenyewe. Kijana wa miaka ishirini na minane, ana nywele zote, amepiga goti mbele ya geji ya presha, na spana mkononi. Mshale wa geji uko kwenye nyekundu, unatetemeka.

"Baba!" naita.

Ananitazama kwa heshima, kama mteja. "Dada, tafadhali usikanyage hapo, pamelegea. Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe. Nimekuletea dawa."

Anayatazama mayai, moja baada ya jingine, hadi lile linalonuna.

"Hayo ni mayai," anasema, anarudi kwenye geji yake.

Nilijisikia vibaya, lakini mayai yangu hayakuvunjika moyo. Yalifungua mabegi na kuanza kazi palepale, na hapo ndipo nilipoanza kupiga vigelegele. Kulikuwa na mafuta mazito yanaelea kwenye damu, yamejazana njiani kama wageni waliokataa kuondoka baada ya harusi. Mayai yaliyafuata kwa adabu, yakaongea nayo, na baadhi yakaondoka kweli! Damu ikapita kwa wepesi kidogo. Nikarukaruka. Nikasema si mnaona, si mnaona, nilisema mimi!

Ndipo ukuta ukasukumwa.

Bwana mmoja mnene, amevua shati, ameegemeza bega kwenye ukuta wa bomba na anasukuma kwa nguvu zake zote. Kila akisukuma, mshale wa geji unaruka, na Baba anafumba macho.

"Wewe ni nani?" nikamfokea.

"Naitwa Shinikizo," akasema bila kugeuka. "Niwie radhi, siwezi kukupa mkono, niko kazini."

"Acha kusukuma!"

"Siwezi. Sijui kazi nyingine. Kulikuwa na bwana mmoja mweupe, mfupi, mviringo, ana mstari katikati. Alikuwa anakuja asubuhi na jioni, ananishika bega, ananiambia, 'Taratibu, ndugu yangu.' Nami napunguza. Tangu Jumatatu hajatokea, na mimi mwenyewe nimeanza kuchoka."

Nikayageukia mayai. "Mshikeni!"

Mayai thelathini yakamwegemea Shinikizo. Yakasukuma. Alisogea kidogo sana, upana wa ukucha. Lile lenye tai likapata ufa kuanzia tai hadi utosini, nami nikapiga ukelele.

"Mama," likasema, likihema, "niseme ukweli mbele ya kikao. Mimi ni chakula. Chakula kizuri, wala sioni haya kujisifu. Nikichemshwa, nikaliwa na mboga za majani, mtu akatembea na kupunguza chumvi, nasaidia kidogo kidogo, miezi na miezi. Ila huyu bwana simwezi. Huyu anawezwa na yule mwenye mstari katikati."

"Kwa nini hamkuniambia mapema?"

"Hukutuuliza. Ulikuwa unapaka rangi."

Kibao, ambacho kumbe kilitufuata, kikajificha nyuma yangu.

Kengele ikalia. Tunaitwa ndani. Sikumbuki tulitembea vipi, ila sasa tumesimama kwenye ofisi ya vyumba vinne yenye milango inayojifunga yenyewe kwa kishindo. Katikati ameketi Moyo wa Baba. Ni mkubwa kuliko nilivyofikiri, amevimba, na anaongea kati ya pigo na pigo, kwa sababu hana muda mwingine.

"Karibu. Binti."

"Ahsante."

"Wewe. Ndiye. Mwenye. Kibao?"

"Ni mimi."

"Kidonge. Kiko. Wapi?"

"Sijui, Mzee. Kila asubuhi namwona Baba anachukua kikombe cha maji na pakiti yake, anatoka nayo uani. Anasema anapenda kumeza akipunga upepo."

"Huku. Hakifiki."

Halafu Moyo akanyamaza. Mlango mmoja ulikuwa umejifunga, na wa pili haukujifunga. Tulisimama wote, mimi na mayai na kibao, tukisubiri. Sijawahi kuogopa namna ile, si ndotoni wala nikiwa macho.

"Samahani," Moyo akasema, mlango ukajifunga. "Limenipita. Moja."

Nikaanza kulia. "Nani anajua kidonge kilipo? Aseme!"

"Mimi najua," ikasema sauti mlangoni.

Ni jogoo wetu. Jogoo yuleyule aliyekuwa anamfukuza kila mgeni hadi barabarani, ambaye juma zima hili amekuwa mpole, analala mchana, na akisimama anayumba. Nilikuwa nimepanga kumwita bwana mifugo. Sasa amevaa koti jeupe na amefungwa kipimo cha presha kwenye bawa.

"Mia na kumi kwa sabini," akatangaza. "Presha yangu haijawahi kuwa nzuri namna hii. Sina hasira na mtu. Jana paka alipita, nikamsalimia."

"Kidonge kiko wapi?" nikamuuliza, nimemshika koti.

"Vingi viko kwangu. Mzee ananiletea asubuhi na jioni. Anasema, 'Haya, kamanda, wewe ndiye unayehitaji hiki, mimi nina mayai ya binti yangu.' Ananikunjulia kiganja. Mimi nitakataaje, mtu mzima amenyoosha mkono? Vingine vilinikwama kooni, nikavitema nyuma ya kopo la maji na kufukia kwa maranda. Ukiamka nenda ukatazame, kwa sababu mimi nikiwa kule siwezi kuongea."

"Nikiamka?"

"Amka sasa," akasema Moyo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutamka maneno mawili kwa pumzi moja.

Niliamka na alama za gunia shavuni. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani. Jogoo alikuwa amelala mlangoni pa stoo, kichwa kimeinamia upande.

Sikuvaa hata kandambili. Nilikimbia bandani, nikaliinua kopo la maji, nikafukua maranda kwa vidole. Vilikuwepo vidonge vitatu vyeupe, mviringo, vimelowa kidogo, na kila kimoja kina mstari katikati.

Nilivipangusa maranda, nikavifumbata. Kisha nilikwenda getini, nikakitungua kibao na kukiegemeza ukutani, uso kwa ukuta. Nikaenda jikoni, nikachota maji kikombe kimoja.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, pakiti ya dawa tayari mkononi, anangoja nipite ili aelekee bandani. Ana nywele chache, zote nyeupe. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwonyesha vile vidonge vitatu kwenye kiganja.

"Baba, mayai yangu ni chakula tu. Niliandika kwa furaha, nikakosea. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki mimi na wewe, tuwaeleze yote. Sasa hivi naomba umeze cha jioni mbele yangu. Nimeogopa sana, Baba."

Alivitazama vile vidonge, kisha akanitazama mimi na alama zangu za gunia.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Jogoo."

Baba aligeuza shingo taratibu, akamkazia macho jogoo aliyekuwa anajikokota kuja uani, akiyumba, akitutazama bila hasira na mtu.

"Na nilimwita kamanda," Baba akasema. Akatoa kidonge kwenye pakiti, akanyoosha mkono kupokea maji.