Mashua Tano kwa Ndama Mmoja

Otília Goulart alimwona yule nyangumi saa mbili kasorobo asubuhi, na kwa nusu saa nzima hakumwambia mtu.

Haikuwa kawaida yake. Tangu afiwe na mume, miaka kumi na tisa sasa, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha mawe meusi juu ya jabali la kusini la Pico, kisiwa kilicho katikati ya bahari kuu, darubini machoni, akitafuta mahali bahari inapopumua. Akiona mvuke unaolalia kushoto, ndiyo pumzi ya nyangumi, anachukua redio ya upepo na kuwaelekeza manahodha wa bandari ya Lajes wapeleke wapi watalii wao. Baba yake naye aliketi humo humo, ila yeye alikuwa akirusha fataki, na wanaume chini wakitupa majembe na kukimbilia mashua na vyusa vyao vya kuwindia nyangumi.

Lakini nyangumi wa asubuhi ile alikuwa na ndama. Ndama mchanga kabisa, ngozi bado ina mikunjo ya tumboni mwa mama yake. Otília alimtazama akigaagaa majini kama mtoto anayejifunza kukaa, na hakutaka kumgawia mtu.

Redio ikakoroma. Alikuwa Rogério, mtoto wa mdogo wake Lurdes, mwenye boti kubwa ya mpira kuliko zote bandarini.

"Mamkubwa, umelala huko juu?"

"Sijalala."

"Basi tupe kitu, jamani. Nina watu kumi na wanane hapa, na wawili wameshaanza kutapika."

Otília akasita. Ndiyo kazi, angefanyaje?

"Yupo mama na mtoto, maili tatu kusini-mashariki. Mtoto mchanga, Rogério. Nenda peke yako, kaa mbali, dakika kumi, urudi."

"Usijali. Tutanyamaza kama tuko kanisani."

Hakwenda peke yake. Otília alihesabu boti moja, mbili, kisha tano, zikikata maji kuelekea mahali pamoja. Sheria ya visiwa inajulikana hata na mbuzi wa Lajes: boti zisizidi tatu, na penye ndama mnakaa mita mia. Mama alikuwa amezama kutafuta chakula huko chini kusikofika mwanga. Ndama hawezi kumfuata. Hubaki juu, anangoja. Boti zikamzunguka.

Ndama, kwa kumtafuta mama, aliifuata boti ya Rogério na kuingiza kichwa chini ya ubavu wake. Alikuwa anatafuta ziwa anyonye. Na watu mle botini walikuwa wanacheka, simu zao zimeinuliwa juu. Mwanamume mmoja mwenye vazi jeusi la mpira akajitosa majini na kamera yake, akaogelea kumfuata.

"Rogério! Mtoe mtu huyo majini! Zima injini!"

"Mamkubwa, tulia, presha itakupanda."

"Nakuona! Nawaona wote watano! Mko juu ya mgongo wake!"

"Mama wee," ikadakia sauti ya nahodha mwingine, "mpelekeeni bibi chai ya maua huko kilimani!" Wakacheka. Rogério naye akacheka, kisha akasema lile neno.

"Babu aliwachoma vyusa. Sisi tunawapiga picha tu. Sasa mbaya nani?"

Damu ilimpanda Otília hadi masikioni, na iliyomchoma zaidi ni ile chembe ya kweli ndani ya maneno hayo. Baba yake alimsimulia siku za mwisho, amelala kitandani: walikuwa wanamchoma ndama kwanza, maana mama hamwachi ndama aliyejeruhiwa, na hivyo unampata naye pia. Alipomaliza kusema akageuza uso ukutani. Otília alidhani mambo hayo yalizikwa na mzee.

"Babu yako alikuwa na watoto saba na shamba la mawe," alisema. "Wewe una njaa gani, Rogério? Hebu niambie. Una njaa gani?"

Wote walikuwa wamehamia masafa mengine ya redio.

Alisimama, akapiga ukuta kwa kiganja mpaka kikawaka moto. Kisha akaketi, akavuta pumzi, akatafuta yale masafa walikohamia. Yalikuwa mawili tu yaliyofaa. Akazungumza taratibu, kama mtu asiye na kinyongo.

"Haya, acheni hao. Naona kundi. Kumi, hapana, kumi na mbili. Madume makubwa, wanaruka. Maili saba kusini-magharibi."

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kudanganya kwenye redio, hata mara moja. Basi hawakuuliza. Haikupita dakika, boti zote tano zikageuka, kila moja ikitaka kutangulia.

Huko kusini-magharibi hakukuwa na kitu ila mawimbi. Kisiwa hakikingi upepo upande ule. "Mbele kidogo," Otília aliwaambia. "Wamezama, subirini. Mbele tena." Kupitia darubini aliona watalii wameinamia maji wakitapika, mstarini kama nguo zilizoanikwa. Dakika arobaini baadaye mama aliibuka, akapuliza, na ndama akajipenyeza chini yake. Wakaondoka mashariki, polepole. Otília hakulia wala hakucheka. Alitukana tu, matusi aliyoyasikia kwa wavuvi wa nyangumi utotoni, na alishangaa kuwa bado anayakumbuka yote.

Aliposhuka bandarini mchana, Rogério alikuwa anamngoja mbele ya mkahawa, abiria wake nyuma yake wakiwa na nyuso za kijani.

"Umenitia aibu mbele ya wageni!"

"Aibu unayo? Nilidhani umeisahau nyumbani."

"Kuanzia leo huna kazi."

"Kwani kazi ulinipa wewe? Kibanda kile alikijenga baba yangu kwa mikono yake. Cha kwako ni hiki tu." Akamsukumizia redio kifuani. "Shika."

"Mamkubwa, ni mnyama tu!"

"Na wewe je?"

Mzee mmoja wa Kijerumani alimuuliza msichana anayewaongoza wageni mama huyu anasema nini. Msichana akatazama viatu vyake. Otília alikuwa na maneno machache ya Kiingereza, akayatafuta moja moja: mtoto, maziwa, ninyi mnacheka. Mzee akainamisha kichwa. Mwanamke aliyesimama kando yake akainua simu na kumpiga Otília picha.

Usiku ule hasira haikutulia, na asubuhi alipanda meli ya kwenda Faial, kisiwa jirani, kwenye ofisi ya mambo ya bahari. Alitaja boti tano, saa, na yule mtu aliyeogelea. Akaanza na ya Rogério.

Karani akainua macho. "Huyu wa kwanza si mtoto wa mdogo wako?"

"Ndiye. Andika."

Manahodha wanne walifungiwa kazi wiki tatu. Rogério, aliyemwacha mtu aingie majini, alizuiwa kwenda baharini msimu wote uliobaki. Siku barua ilipofika, Lurdes alikuja na aproni yake, hakuingia ndani.

"Umemla mwanangu, Otília."

"Hajaliwa. Amekalishwa chini, basi."

"Damu yako mwenyewe! Kwa ajili ya samaki!"

"Si samaki," alijibu Otília, akajua papo hapo kuwa hilo silo lililokuwa linaulizwa. Lurdes alikwisha geuka.

Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mama yao afariki, hakualikwa kwa mdogo wake. Alipika magimbi na soseji kama alivyozoea, chungu cha watu sita, akala amesimama kando ya jiko. Alimkasirikia Lurdes. Alimkasirikia baba yake. Alijikasirikia pia, kwa kunyamaza ile nusu saa tu. Angeufunga mdomo wake siku nzima, yote haya yasingetokea.

Siku chache baada ya zile wiki tatu kwisha, manahodha wawili walibisha mlangoni. Walikuwa wanazunguka bahari bila macho, walisema, na wageni wananung'unika.

"Penye ndama sisemi kitu," aliwaambia. "Hata mkinililia."

Mmoja alitema mate na kwenda zake. Mwingine, ndiye yule wa chai ya maua, akakubali na kumpa redio mkononi.

Kesho yake Otília alipanda jabali. Njiani alikutana na Rogério akiteremka kutoka shamba la mizabibu, kikapu begani. Njia ilikuwa nyembamba, wakagusana mabega. Rogério hakumsalimu. Otília naye hakumsalimu, akaendelea kupanda, huku hasira ikimfukuta kifuani.